Amekosa uzamili wa fani moja, anataka kuomba fani nyingine: arudie au abadilishe? (Uganda)

#1 Kalamu ya Wandegeya

Habari za asubuhi wadau. Naleta mada inayorudi kila mwaka orodha za waliochaguliwa zinapotoka.

Chukueni mfano huu. Mwombaji ana shahada ya kwanza ya kilimo, CGPA (wastani wa alama zake zote) 3.42 kati ya 5.0. Aliomba uzamili wa uchumi katika chuo kimoja cha umma, jina lake halikutoka. Barua ya kueleza sababu hakuna. Dirisha la mwaka ujao linakaribia, naye anajiuliza: arudie uchumi, au aende fani nyingine, tuseme afya ya umma?

Msimamo wangu uko wazi: aende fani nyingine. Kurudi kwenye mlango uleule na karatasi zilezile ni kutupa ada ya maombi, na ada hiyo hairudishwi. Nipingeni kwa hoja.

#2 Hesabu za Nakawa

Nakupinga hapo kwenye "karatasi zilezile". Alama hazibadiliki, lakini namna ya kuzisomesha inabadilika. Ile 3.42 ni wastani wa kila kitu: udongo, wadudu, mifugo, magonjwa ya mimea. Kamati ya uchumi haina shughuli na alama za magonjwa ya mimea. Inatafuta hesabu, takwimu na uchumi.

Kwa hiyo akae na transkripti yake, atoe kozi zinazogusa fani anayoiomba, azidishe pointi ya kila kozi kwa krediti zake, ajumlishe, kisha agawe kwa jumla ya krediti. Tuseme hesabu krediti 3 kwa B (4.0), hiyo ni 12. Takwimu za kibayolojia krediti 3 kwa B+ (4.5), 13.5. Uchumi wa kilimo krediti 4 kwa B, 16. Mbinu za utafiti krediti 3 kwa B+, 13.5. Jumla 55 kwa krediti 13, sawa na 4.23. Mtu wa 3.42 ni mtu wa 4.23 pale panapohusika. Sentensi moja ya hilo iingie kwenye maelezo ya nia, na jedwali liambatishwe kama mfumo unaruhusu kiambatisho cha ziada.

Hesabu hiyohiyo ikitoka 2.9, basi nitakuwa upande wako, Kalamu.

#3 Binti Kyebando

Mnaanzia mbali. Kabla ya wastani kuna faili. Maombi mengi hufa kabla mwalimu yeyote hajayasoma, kwa sababu karani wa udahili hakuona karatasi iliyotakiwa. Mambo yanayorudi ni haya: transkripti iliyoskaniwa upande mmoja tu, na ule upande wa nyuma wenye maelezo ya alama ukaachwa. Nakala za vyeti vya sekondari, UCE na UACE, zisizosomeka. Malipo yaliyofanywa kwa mobaili mani lakini namba ya kumbukumbu ya malipo ikawa ya ombi jingine alilolianza akaliacha njiani, kwa hiyo mfumo unaonyesha ombi halijalipiwa.

Na majina! Cheti cha UNEB, baraza la mitihani, kina majina mawili, kitambulisho cha taifa kina matatu, transkripti imeyageuza mpangilio. Ikiwa tofauti ni ya mpangilio au herufi moja, kiapo mbele ya kamishna wa viapo mara nyingi kinatosha. Ikiwa jina lenyewe limebadilika, inatakiwa hati ya kubadili jina iliyosajiliwa URSB, ofisi ya usajili ya serikali, nayo huchukua muda, kwa hiyo asingoje wiki ya mwisho.

Asipochunguza hili, atabadilisha fani na kukataliwa tena kwa kosa lilelile.

#4 Mzee wa Bombo

Asanteni vijana. Mimi naona nyote mnamtafutia mwombaji kosa. Wakati mwingine hana kosa. Idara ina walimu wachache wenye uzamivu wanaoweza kusimamia tasnifu, na kila mmoja ana wanafunzi waliokwama tangu miaka iliyopita. Watu wakiwa wengi kuliko nafasi, wanakata kutoka chini, na mwenye daraja la pili la chini, kama huyu, ndiye aliye chini hata kama anatosha.

Hapo kubadilisha fani kunasaidia tu ikiwa fani mpya ina nafasi zaidi. Afya ya umma haina msongamano mdogo, Kalamu. Huko anapambana na madaktari, wauguzi na maafisa wa wilaya wenye miaka yao kazini.

#5 Msafiri wa Mpondwe

Naunga mkono #4. Kuna na jambo la daraja. Daraja la pili la juu linaanzia 3.5, huyu amekosa kwa alama chache sana. Amekosea tu kidogo.

#6 Karani wa Zamani

Msafiri, rekebisha hapo. Katika mfumo wa Makerere daraja la kwanza ni 4.40 hadi 5.00, la pili la juu 3.60 hadi 4.39, la pili la chini 2.80 hadi 3.59, na la kupita 2.00 hadi 2.79. Huyu yuko la pili la chini, na amepungukiwa 0.18, ambayo katika wastani wa shahada nzima si kidogo.

Ila mara nyingi daraja la pili la chini linamruhusu kuomba uzamili. Mwenye daraja la kupita ndiye hudaiwa ushahidi wa kukua kitaaluma, yaani stashahada ya uzamili au kitu kingine cha baada ya shahada. Tusichanganye kuruhusiwa kuomba na kushinda ushindani.

Na tahadhari moja kwa wanaodhani kazi inakwisha ukichaguliwa. Shahada ya kwanza unapita kozi kwa alama 50 kati ya 100. Kozi ya uzamili Makerere unapita kwa 60. Mtu anayehamia fani asiyoisomea anakutana na mstari ulio juu zaidi katika somo asilo na msingi nalo. Hilo liingie kwenye uamuzi.

#7 Kalamu ya Wandegeya

Asante Karani, hilo la 60 ni zito. Lakini tazameni, kila hoja yenu inathibitisha kwamba uchumi kwake ni mlima.

#8 Mwalimu wa Kilimo, Mbale

Uchumi na afya ya umma si njia mbili pekee, ndugu zangu. Kuna mlango wa katikati ambao watu wa kilimo wanaupita kila siku bila kuuona: uzamili wa uchumi wa kilimo na uchumi tumizi. Makerere inao, chini ya koleji ya kilimo na mazingira, na ulijengwa kama programu ya ushirikiano wa vyuo vya Afrika mashariki na kusini, yenye kituo cha pamoja cha masomo Chuo Kikuu cha Pretoria. Uzamili wa uchumi wenyewe nao una ushirikiano wake kupitia AERC, muungano wa utafiti wa uchumi Afrika, wenye masomo ya kuchagua yanayofundishwa kwa pamoja Nairobi. Yaani ni ndugu wawili, baba mmoja. Nadharia ya uchumi utaikuta kote kuwili, ekonometriki (takwimu za uchumi) utaikuta kote kuwili. Tofauti ni kwamba ukienda kwa yule wa kilimo, shahada yako ya kwanza inahesabiwa kama nguvu, si kama upungufu.

Kwa hiyo swali la "arudie au abadilishe" kwa mtu huyu limekaa vibaya. Asogee hatua moja, asiruke mto.

Na aulize idara, kwa miguu yake au kwa simu, ni mhadhiri gani ana mradi wenye fedha za kufadhili wanafunzi wa uzamili. RUFORUM, mtandao wa vyuo vikuu vya Afrika katika kilimo, yenye makao yake Makerere, imekuwa ikitoa ruzuku za namna hiyo: fedha anapewa mhadhiri, mwanafunzi anaingia na mada ya utafiti iliyokwisha kupangwa. Msimamizi anayekuhitaji hutatua tatizo la #4 lote.

#9 Hesabu za Nakawa

Mwalimu, umenipa raha. Na yule ambaye hana ndugu wa katikati? Mwenye shahada ya fasihi aliyekosa uandishi wa habari sasa anataka takwimu?

#10 Mwalimu wa Kilimo, Mbale

Huyo aanze na stashahada ya uzamili. Mwaka mmoja.

#11 Dada wa Jinja Road

Kuhusu stashahada, niongeze. UMI, taasisi ya usimamizi ya Uganda, ambayo ipo tangu 1969, imejengwa juu ya mtindo huo: unaanza na stashahada ya uzamili ya mipango ya miradi, utawala wa umma, rasilimali watu au ufuatiliaji na tathmini, kisha unapanda kwenda uzamili. Kwa mwenye shahada ya sanaa anayehamia usimamizi, ni daraja imara.

Lakini stashahada si dawa ya kila kitu. Inasaidia pale inapotoa kozi ambazo fani mpya inazidai. Stashahada ya usimamizi wa miradi haimsogezi mtu hata hatua moja kuelekea biostatistiki (takwimu za afya), kwa sababu haina kalkulasi wala nadharia ya uwezekano. Kabla ya kulipa, weka orodha ya kozi za stashahada kando ya orodha ya masharti ya uzamili unaoutaka, uone zinagusana wapi. Kama hazigusani, unanunua cheti.

Pia chunguza ithibati. Mwaka 2023 palikuwa na mjadala mkubwa nchini kuhusu programu ambazo muda wa ithibati yake kutoka NCHE, baraza la elimu ya juu, ulikuwa umepita. Tafuta jina kamili la programu kwenye orodha ya NCHE, si jina la chuo peke yake, maana chuo kinaweza kuwa halali na programu ikawa inangoja kuhuishwa. Na kama shahada ya kwanza ulisoma nje ya Uganda, NCHE hiyohiyo ndiyo inayolinganisha cheti. Anza mapema.

#12 Takwimu za Entebbe

Kwa anayehamia fani yenye data, iwe uchumi, takwimu au afya ya umma, kuna kitu kinachoishinda stashahada kwa unafuu wa bei: kazi ndogo ya kuonyesha. UBOS, ofisi ya takwimu ya taifa, ilianza utafiti wa kaya wa kurudiarudia, UNPS, mwaka 2009/10, kwa kaya takriban 3,200. Data zake zinapatikana bure kupitia maktaba ya data ya Benki ya Dunia. Unajisajili, unaeleza matumizi, unapakua. Programu ya R, ya kuchambulia takwimu, nayo ni bure.

Chagua swali moja dogo. Mfano: je, kaya zilizotembelewa na afisa ugani zinavuna mahindi mengi zaidi kwa ekari? Kurasa nane zinatosha: swali, data, jedwali moja la maelezo, rigresheni (hesabu ya kupima uhusiano wa mambo) moja au mbili, mipaka ya jibu.

Watu wanapoharibu ni hapa. Kwanza, uzito wa sampuli (kila kaya inawakilisha kaya ngapi nchini) wanausahau, kwa hiyo wastani wao si wa nchi. Pili, UNPS hutembelea kaya mara mbili kwa mwaka ili kupata misimu miwili ya mazao. Ukiunganisha mafaili ya misimu bila kuangalia, shamba moja linahesabiwa mara mbili. Tatu, faili la mashamba lina mstari kwa kila kipande cha shamba, faili la kaya lina mstari kwa kila kaya. Jumlisha vipande kwanza, ndipo uunganishe kwa namba ya kaya. Nne, mavuno yameandikwa kwa magunia, madebe, mabeseni, mafungu. Bila kuyageuza kuwa kilo, rigresheni yako ni kelele.

Hilo la nne ndilo linalomfaa mtu wa kilimo katika #1. Yeye anajua gunia la mahindi ya suke na gunia la mahindi yaliyopukuchuliwa si uzito mmoja. Mchumi wa darasani hajui. Akiandika aya moja juu ya hilo, kamati inaona kwa nini kilimo chake ni mali.

#13 Msafiri wa Mpondwe

Takwimu, barikiwa. Lakini je, kamati zetu zinasoma hizo kurasa nane? Kwenye mfumo kuna mahali pa kupakia?

#14 Takwimu za Entebbe

Mara nyingi hapana. Kwa hiyo kazi hiyo unaitumia sehemu mbili: sentensi mbili kwenye maelezo ya nia, na kama kiambatisho cha barua pepe unapomwandikia mhadhiri unayetaka akusimamie. Pia mdhamini wako anaisoma kabla ya kuandika barua.

#15 Binti Kyebando

Hapo kwenye wadhamini msipite haraka. Mtu anabadilisha fani lakini wadhamini ni walewale wa mwaka jana, na barua ni ileile. Mwalimu wa elimu ya wadudu anasema kijana ana bidii na nidhamu. Kwa kamati ya takwimu, barua hiyo haisemi lolote.

Angalau mdhamini mmoja awe ameiona kazi yako inayohusu fani mpya: aliyekufundisha takwimu, msimamizi kazini aliyekuona ukichambua data, au yule aliyesoma kurasa nane za #12. Mpelekee wiki tatu kabla, kwa pamoja: transkripti, rasimu ya maelezo ya nia, jina kamili la programu, tarehe ya mwisho, na mambo matatu au manne unayoomba ayataje kwa mfano. Si ukosefu wa adabu kumpa hayo. Mwalimu mwenye madarasa makubwa hakumbuki mradi wako wa mwaka wa tatu, na anashukuru ukimkumbusha.

Ukiomba nje, mpe anwani ya barua pepe ya chuo. Walimu wetu wengi hutumia anwani za binafsi, na mifumo mingi ya nje huzitilia shaka. Mwulize kwa heshima kama ile ya chuo inafanya kazi na kama anaifungua.

#16 Kalamu ya Wandegeya

Nimefika #15 na msimamo wangu umepungua miguu, nakiri. Ila hakuna aliyejibu upande wa maelezo ya nia. Unaelezaje kubadilisha fani bila kuonekana unayumba?

#17 Dada wa Jinja Road

Usianze na historia ya maisha. Anza na tatizo unalotaka kulifanyia kazi, kisha onyesha kwamba fani ya kwanza ilikufikisha ukingoni mwa tatizo hilo na zana zake zikaishia hapo. Sumukuvu kwenye karanga ni mfano mzuri: mtu wa kilimo anajua inavyoingia shambani na ghalani, lakini madhara yake kwenye ini la mlaji ni suala la afya ya umma. Hapo kuhama fani hakuhitaji kuombewa radhi, tatizo lenyewe limevuka mpaka.

Aya ya pili ni ushahidi: kozi, alama, kazi iliyofanywa. Ya tatu inataja upungufu wako bila kuuficha na hatua uliyokwisha chukua, si utakayochukua. "Sikusoma kalkulasi chuoni, nimemaliza kozi ya wiki 12 na cheti kimeambatishwa" ni sentensi yenye mashiko. "Niko tayari kujifunza" haina uzito, kila mtu huiandika. Ya nne ni kwa nini programu hii: taja eneo la utafiti la idara na mwalimu mmoja ambaye kazi yake umeisoma kweli.

Kukataliwa mwaka jana usikutaje humo. Lakini kama fomu inauliza wazi iwapo umewahi kuomba, jibu ndiyo. Mfumo una kumbukumbu.

#18 Mzee wa Bombo

Dada, ukweli huo wa aya ya tatu naupenda. Ila afya ya umma, kwa kijana anayeingia, ajue pia ina hesabu. Epidemiolojia (elimu ya kuenea kwa magonjwa) na biostatistiki ni kozi za msingi, hazikwepeki. Wapo wanaokimbia ekonometriki kwenda huko, wanakutana na rigresheni ileile imevaa koti jeupe.

#19 Hesabu za Nakawa

Koti jeupe! Mzee, hiyo naiazima.

#20 Mwana wa Arua

Salaam. Naona hamjagusa nje ya nchi. Kwa wanaotafuta ufadhili, kubadilisha fani kuna sheria zake. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, inadai saa 2,800 za kazi, na fomu yake inakupa nafasi ya kozi tatu. Ukichagua moja ya uchumi, moja ya afya, moja ya mazingira, unaonekana hujui uendako. Chagua tatu zinazofanana. DAAD, shirika la ufadhili wa masomo la Ujerumani, kwa kozi zake za maendeleo inataka uzoefu wa miaka miwili, na shahada ya mwisho isiwe na zaidi ya miaka sita. Anayezunguka miaka mingi akirudia maombi hapa nyumbani anaweza kuvuka mstari huo bila kujua. Erasmus Mundus, ufadhili wa Umoja wa Ulaya, unaomba programu tatu tu kwa mwaka. Na Chevening ukikosa mara moja, umekosa.

#21 Karani wa Zamani

Mwana wa Arua, asante, mengi ni sahihi, mawili si sahihi. Erasmus Mundus iliondoa kikomo cha programu tatu, sasa unaomba kadiri unavyoweza. Na Chevening inaruhusu kuomba tena ukikosa. Saa zile 2,800 zinaweza kutoka kwenye kazi zaidi ya moja, hata ya kujitolea.

Niongeze la CGPA. Fomu ya nje ikiuliza wastani, andika 3.42 kati ya 5.0, usiigeuze mwenyewe kuwa ya 4. Ukizidisha kwa 4 na kugawa kwa 5 unapata 2.74, unajiumiza, kwa sababu vyuo vina jedwali lao la kulinganisha. Ukiandika 3.42 bila kusema kati ya ngapi, wanadhani ni kati ya 4, kisha transkripti inakuonyesha kama mtu aliyedanganya. Cheti cha IELTS (mtihani wa Kiingereza) kinadumu miaka miwili, cha GRE (mtihani wa kuombea uzamili nje) mitano. Anayerudia maombi aangalie tarehe hizo. Vyuo vingine hukubali barua ya chuo chako kwamba ulisoma kwa Kiingereza, uliza kabla ya kulipia mtihani.

#22 Msafiri wa Mpondwe

Nikitoka kidogo nje ya mada: kwa nini hakuna anayetaja ualimu? Kiswahili kimefanywa lugha rasmi ya pili mwaka 2022, walimu wanahitajika. Aliyekosa uzamili wa fasihi au isimu asome stashahada ya uzamili ya elimu.

#23 Mzee wa Bombo

Hapa Bombo Kiswahili hakikungoja 2022, mwanangu. Na sheria pia haikuanza hapo. Marekebisho ya katiba ya 2005 ndiyo yaliyoweka Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, itumike kama Bunge litakavyoelekeza kwa sheria. Mwaka 2021 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wakaelekeza Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa ziwe lugha za Jumuiya, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaridhia utekelezaji na kufundishwa shuleni. Kuridhia na kutekeleza ni safari mbili.

Wazo lako la stashahada ya elimu ni zuri. Ajue tu kwamba anapaswa kuwa na masomo mawili ya kufundishia kutoka shahada yake ya kwanza. Somo moja halitoshi, na hapo wengi hukwama.

#24 Mwana wa Arua

Asante kwa masahihisho, Karani. Nimepokea.

Kuna pia programu ambazo kubadilisha fani ndiyo kawaida yake. Uzamivu wa MISR, taasisi ya utafiti wa jamii pale Makerere, ulioanza 2012 Profesa Mahmood Mamdani akiwa mkurugenzi, ni wa miaka mitano, na miaka miwili ya kwanza ni darasani: historia, siasa, uchumi wa kisiasa na utamaduni kwa pamoja. Mtu haingii kwa sababu ya jina la shahada yake tu, anaingia kwa swali na uandishi. Aliyekosa idara yenye mipaka mikali aangalie huko.

#25 Hesabu za Nakawa

Sawa, ila huko kusoma ni kwingi na msimamizi anataka uandishi uliokomaa. Mtu wa kilimo aliyezoea ripoti za maabara atahitaji mwaka mzima wa kuandika kabla ya kuomba. Bado nashikilia #2 na #8: apime kozi zake, asogee hatua moja.

#26 Mzee wa Bombo

Nami bado nashikilia la nafasi. Mnampa kijana kazi ya mwaka mzima ilhali huenda alikuwa wa kwanza chini ya mstari. Aende ofisini aulize: mlipokea maombi mangapi, mlichukua wangapi, mstari ulikatwa wapi. Baadhi ya ofisi humjibu mtu aliyekuja kwa adabu akiwa na namba yake ya maombi mkononi.

#27 Binti Kyebando

Ssebo (bwana), na akiwa hapo aombe kuona hali ya ombi lake kwenye mfumo: lilikamilika, lililipiwa, lilifika idarani? Hayo matatu tu. Kama halikufika idarani, yote tuliyoandika kuhusu kubadilisha fani hayamhusu.

#28 Kalamu ya Wandegeya

Nawashukuru nyote. Kwa mfano wa #1 nitamwambia aende ofisini kwanza, kisha apige hesabu ya #2. Kwa afya ya umma sijaiacha, ile sumukuvu ya #17 imenishika. Takwimu za Entebbe, swali la mwisho: yale mabeseni na mafungu kwenye data, kuna jedwali la kuyageuza kuwa kilo au mtu anajipimia mwenyewe?

#29 Takwimu za Entebbe

Kwenye faili la mavuno kuna safu ya kipimo, ya hali ya zao, na ya kigezo cha kugeuza kuwa kilo. Usikichukue kigezo hicho kama ilivyo. Panga vigezo vyote vya zao moja, kipimo kimoja na hali moja, utaona vingine vimepotoka sana, gunia lenye kilo chache kuliko debe. Chukua kigezo cha katikati kwa kila kundi, tumia hicho, na useme kwenye ripoti kwamba ulifanya hivyo na kwa nini. Mahindi mabichi, ya suke na yaliyokaushwa yatenge kabla ya kuanza.